Kichaka chenye miiba na maziwa: je, matunda yake huliwa?

Swali limetoka kwa msomaji wa Kilifi. Amenunua kipande cha shamba chenye vichaka vya miiba. Majani ni ya kijani kizito yanayong'aa, maua ni meupe na yananukia vizuri, matunda ni madogo, huanza mekundu yakaishia meusi. Watoto wa majirani huyachuma na kuyala wakitoka shule. Mzee mmoja wa hapo amemshauri ang'oe vichaka vyote, kwa kuwa tawi likikatwa hutoa maziwa, na yeye anaujua mti wa maziwa wenye maua ya namna hiyo uliokuwa ukipikwa kupata sumu ya mishale. Fundi wa bustani naye anasema hiyo ni michongoma tu, iachwe iwe uzio. Msomaji ametuma picha tatu na kuuliza: amsikilize nani, na watoto wale au wasile?

Dada, nianze na watoto, maana naona ndilo linalokukosesha usingizi. Picha zako ni za mtandamboo. Tunda lake likishaiva, likawa jeusi na laini, huliwa, na halijaanza kuliwa leo wala Kilifi peke yake. Wakikuyu na Wakamba huuita mti huu mukawa, Wamaasai olamuriaki, Wajaluo ochuoga. Ukifika Uganda utasikia muyonza, na Rwanda umuyonza. Kwa hiyo fundi amekosea mti, na mzee pia amekosea mti. Lakini hofu ya mzee ina msingi kuliko uhakika wa fundi, na ndiyo sababu ya mimi kukuandikia kwa urefu. Picha tatu hazitoshi. Vichaka vinavyoota bega kwa bega si lazima viwe vya aina moja, kwa hiyo itabidi upite shambani mwenyewe na kukikagua kila kimoja.

Tuyamalize maziwa kwanza. Utomvu mweupe hauthibitishi kwamba mti una sumu, wala kwamba ni salama. Fenesi na papai bichi hutoa utomvu na tunakula. Kwa mtandamboo, utomvu unakuonyesha ukoo tu: mti huu ni wa familia ya Apocynaceae, familia kubwa ambayo karibu mimea yake yote hutoa maziwa ukiijeruhi. Mbungo, ambao juisi yake wewe mtu wa pwani huhitaji kuelezwa, ni wa familia hiyo. Msanapichi wa makaburini na kwenye nyua za misikiti ni wa humo. Vilevile mti wa sumu anaousema mzee. Ni ukoo mmoja wenye tabia mbalimbali, na ndiyo maana huwezi kuhukumu kwa maziwa peke yake.

Ndani ya familia hiyo, mtandamboo uko katika jenasi, yaani kundi la spishi zilizo ndugu wa karibu, iitwayo Carissa (haina undugu na akina Karisa wa kwenu Kilifi). Linnaeus, mtaalamu wa mimea wa Sweden, aliichapisha jenasi hii mwaka 1767. Ni jenasi ndogo, spishi zake hazifiki kumi, nazo zimeenea Afrika, Uarabuni, Asia ya kusini mpaka Australia. Wa kwetu ulielezwa na Pehr Forsskål, mwanafunzi wa Linnaeus aliyekusanya mimea Yaman akafia hukohuko mwaka 1763; maandishi yake yalitoka 1775, na jina lililotokana nayo, Carissa edulis, ndilo utakalolikuta katika vitabu vingi vya miti ya Afrika Mashariki. Siku hizi wataalamu wengi huandika Carissa spinarum. Mwaka 2001 jenasi nzima ilipitiwa upya, ikaonekana kwamba mmea wa Afrika na Uarabuni na ule wa Asia ni spishi moja inayobadilikabadilika sana, na jina la spinarum lilikuwa limetangulia, tangu 1771. Ukiona majina yote mawili mahali, usidhani ni miti miwili.

Sasa mwiba, na hapa naomba utulie kidogo, kwa sababu ndio utakaokuamulia.

Miiba ya mimea haina asili moja. Kuna miiba iliyotoka kwenye ngozi ya shina tu, kama ya waridi. Ukiusukuma kwa kidole gumba kwa upande unabanduka na kuacha kovu. Kuna miiba iliyokuwa vijani vidogo vya chini ya kikonyo cha jani, kama ya mkunazi: huota miwili miwili, mara nyingi mmoja umenyooka na mwenzake umepinda kama ndoana. Wa mtandamboo ni tawi. Ni tawi kamili lililoacha kurefuka, likakauka na kuchongoka, na ndani yake kuna mti uleule uliomo kwenye shina. Ndiyo maana haubanduki. Ukiulazimisha, utapasua ganda la tawi zima kabla mwiba haujatoka.

Katika jenasi hii hutokea jambo ambalo wanafunzi wa botania hupenda kulichora. Kichipukizi cha kwenye ncha ya tawi, ambacho katika miti mingine kingeendelea kurefusha tawi, hugeuka mwiba. Ncha ikishafungwa hivyo, vichipukizi viwili vilivyo kwenye makwapa ya majani ya chini yake, pale jani linapoungana na tawi, hushika kazi, kimoja kulia na kimoja kushoto. Tawi linagawanyika, na miiba inabaki pale kwenye panda. Msimu unaofuata matawi yale mawili nayo hufanya vivyo hivyo. Chukua kijiti chenye urefu wa mkono mmoja, ukifuate kutoka chini kwenda juu, utaona panda juu ya panda, zote zina walinzi. Ndiyo sababu kichaka hiki hakipenyeki: hakijatandaza miiba juu ya matawi tu, kimejengwa kwa miiba.

Kwa mtandamboo wa kwetu mwiba kwa kawaida ni mmoja ulionyooka usio na tawi, ingawa mara chache utakuta uliogawanyika. Ndugu zake wana mtindo mwingine. Amatungulu wa Afrika Kusini na Msumbiji, Carissa macrocarpa, ambao huenda umeuona kwenye bustani za hoteli za ufukweni kwa sababu hausumbuliwi na upepo wa chumvi, una miiba minene yenye panda kama herufi Y. Karanda wa India nao una miiba ya panda. Hata kwenye vichaka vyetu vya pwani mna spishi nyingine, Carissa tetramera, iliyopewa jina hilo na Charles Sacleux, padri Mfaransa ambaye sisi tunamjua zaidi kwa kamusi yake ya Kiswahili na Kifaransa. Wachache hukumbuka kwamba alikuwa akikusanya mimea pia.

Ukishaona mwiba, shuka kwenye majani. Yawe yametazamana, mawili mawili kwenye kila pingili, na si moja huku na jingine mbele yake upande wa pili. Ukingo wake ni laini, hauna meno. Jani ni gumu kama ngozi, lina kikonyo kifupi mno, na ukilipitisha kidole kwenye ncha utahisi kichongo kidogo kinachochoma.

Maua huota kwa vishada kwenye ncha za matawi. Kila ua ni mrija mwembamba, mara nyingi wenye wekundu kwa nje, unaofunguka juu kuwa petali tano nyeupe. Kabla halijafunguka, petali hizo huwa zimejiviringa, moja imelalia nyingine. Ua la mtandamboo huviringa kuelekea kulia na la amatungulu kushoto. Ni kitu kidogo, lakini ukishakiona mara moja hutaacha kukitafuta. Vifuko vya chavua vimefichwa ndani ya mrija, havichomozi nje. Harufu inakaribia ile ya yasmini.

Tunda ni la mviringo, kubwa kama punje ya mahindi au kuzidi kidogo, mara nyingi sentimita 1 hivi. Hutoka kijani, likawa jekundu, kisha zambarau iliyokolea hadi weusi. Ndani mna mbegu chache bapa, mbili hadi nne. Likiwa bichi limejaa utomvu, ni kali na hukwaruza koo. Likiwa jekundu ni chachu. Likiwa jeusi na kubonyea kwa kidole ni tamu lenye uchachu. Waambie watoto wangoje weusi. Na wakijipata wana gundi midomoni, mafuta kidogo ya kupikia huitoa haraka kuliko maji na sabuni. Gundi hiyohiyo utaiona ikiwa siku moja utapika jemu: hupanda juu na kuganda kwenye sufuria pale maji yalipoishia.

Twende kwa mzee. Mti anaousema upo kweli, na kwenu ndiko nyumbani kwake. Kitaalamu ni Acokanthera, kwa Kiswahili cha pwani msungu. Wawindaji wa Kiwaata wa upande wa Tsavo, waliokuwa wakiangusha ndovu kwa upinde, waliipaka mishale yao sumu iliyotokana na miti ya jenasi hii, na Wagiriama na Wakamba waliijua sumu hiyo pia. Vipande vya mti na maganda vilichemshwa kwa saa nyingi hadi maji yakabaki lami nyeusi. Kinachoua ndani yake ni viini vinavyoushika moyo. Kimoja, ouabain, kilitengwa na Mfaransa Arnaud mwaka 1888 na jina lake linatokana na Kisomali. Yuko hata panya mkubwa wa Afrika Mashariki, mwenye manyoya marefu ya ubavuni, anayetafuna ganda la mti huo na kujipaka mate yake mwilini, ili mbwa atakayemuuma ajute. Jambo hilo lilielezwa kisayansi mwaka 2011, na wanakijiji waliopoteza mbwa walikuwa wameshalijua.

Kwa nini basi mzee akachanganya? Kwa sababu miti hii miwili ni ndugu wa karibu kiasi kwamba wataalamu wenyewe waliwahi kuiweka jenasi moja. Msungu wa kwetu, Acokanthera schimperi, mara ya kwanza kabisa uliandikwa kama Carissa schimperi, mwaka 1844. Yote miwili ina majani magumu yaliyotazamana, maziwa, maua meupe au yenye waridi yanayonukia, na matunda yanayoiva kuwa zambarau. Mtu aliyelelewa akiogopa msungu ana haki ya kusita mbele ya mtandamboo.

Tofauti kubwa ni mwiba. Msungu hauna. Sio kwamba una michache: hauna kabisa, popote, kuanzia shinani hadi kileleni. Tofauti ya pili ni mahali pa maua. Ya msungu yamebanana kwenye makwapa ya majani, yamekaa kwenye tawi karibu bila vikonyo. Ya mtandamboo yako kwenye ncha. Tofauti ya tatu, ya kusaidia tu, ni kwamba majani ya msungu kwa kawaida ni makubwa zaidi na matunda yake pia hupita ya mtandamboo kwa ukubwa.

Hapa kuna mtego. Mtandamboo ulioota kivulini, au tawi changa lililochipuka baada ya kukatwa, huweza kuwa na miiba michache mno. Ukishika tawi moja tu, unaweza kusema hauna. Kwa hiyo kagua kichaka kizima, hasa matawi ya zamani yaliyo upande wa jua. Ukikuta maziwa, majani yaliyotazamana, na hakuna mwiba hata mmoja, usile, na watoto wasiguse, hata kama tunda limeiva na ndege wanalila. Ndege si kipimo. Wako watakaokwambia kwamba tunda la msungu lililoiva kabisa huliwa mahali fulani. Mimi siwezi kumpa mtoto tunda ambalo likiwa halijaiva vizuri linaweza kumsimamisha moyo. Vichaka vya namna hiyo ving'oe, na usitumie vijiti vyake kuokea nyama wala kuni zake jikoni.

Mtego wa pili ni wa bustanini. Amatungulu ameshazalishwa kwa aina za mapambo, fupi na zenye miiba michache sana. Ukinunua mche kama huo kitaluni, mwiba hautakusaidia kuutambua, kwa hiyo uliza jina lake kabla hujalipa.

Fundi wako na mchongoma wake nitampitia haraka. Mchongoma, Flacourtia indica, una miiba na matunda mekundu meusi, hapo sawa. Lakini majani yake hupishana, yana meno pembeni, na ukikata tawi hakitoki kitu cheupe. Kayaba ya uzio wa bara, yenye matunda ya manjano, ni Dovyalis caffra kutoka Afrika Kusini; nayo majani hupishana, haina maziwa, na ina miti dume na miti jike mbalimbali. Mchongoma na kayaba ni ndugu wao kwa wao, wala si ndugu wa mtandamboo. Kisu kimoja na nusu dakika vingemwonyesha fundi. Tusimlaumu sana, maana watu wengi siku hizi huita mchongoma kila mti wa uzio unaochoma.

Shauri lake la uzio, hata hivyo, ni zuri. Mtandamboo hustahimili ukame, hauhitaji kubembelezwa, na mbuzi wakiula majani hauchukui muda kuchipua. Vichaka ulivyo navyo usivihamishe vikiwa vikubwa. Jaza mapengo kwa miche ya mbegu: chukua matunda yaliyoiva sana, yaponde, osha mbegu mpaka utelezi uishe, zianike kivulini kidogo, kisha zipande bila kuzichelewesha. Zitaota polepole. Panda kwa nafasi ya nusu mita hadi mita moja. Vipandikizi vya mtandamboo ni vigumu kushika mizizi. Kwa amatungulu kuna mbinu ya kukata tawi changa hadi nusu ya unene wake, kuliinamisha likabaki linaning'inia kwenye mama yake kwa miezi miwili hivi mpaka kidonda kifanye kovu, ndipo unalitenga na kulichomeka mchangani.

Kupogoa ndipo wengi wanapojinyima matunda. Nimesema maua huota kwenye ncha za matawi. Maana yake, ukipita na mkasi kila mwezi ili uzio uwe kama ukuta wa hotelini, unakata maua kila mwezi. Pogoa mara moja matunda yakishakwisha, halafu uache. Au fanya ninavyofanya mimi: upande wa barabarani naupogoa usawa, upande wa ndani nauacha ujiendee. Vaa glavu za ngozi na miwani; ncha za miiba huvunjikia ndani ya nyama, na kidonda cha mwiba kilichoingia ndani kisafishwe na kuonwa zahanati, hasa ikiwa hukumbuki lini ulichanjwa pepopunda.

Utakapoacha vichaka, watakuja watu kuomba mizizi. Ina harufu nzuri ya dawa, na jamii nyingi huichemsha kwa maumivu ya viungo, kifua na homa. Wengine huitia kwenye supu. Kuna utafiti uliochapishwa mwaka 2006 ambapo watafiti wa Kenya walijaribu dondoo la mizizi hiyo dhidi ya virusi vya herpes kwenye seli za maabara na kwa panya, na matokeo yakawa ya kutia moyo. Kutoka kwa panya hadi kwa binadamu bado ni mbali. Mizizi si tunda: ndani yake vimepatikana viini vya kundi lilelile linalogusa moyo, ingawa mti huu hausifiki kwa kuua. Mjamzito asinywe, na anayetumia dawa za moyo au presha asinywe. Na kwa usalama wa kila mtu, usimruhusu mtu kuchimba mizizi kwenye kichaka ambacho hujakikagua mwiba wake, kwa sababu mizizi peke yake ndani ya mfuko haina alama yoyote ya kuitofautisha na ya msungu kwa macho.

Ikibaki shaka juu ya kichaka chochote, usinitumie picha nyingine. Kata tawi lenye urefu wa dhiraa, lenye majani, maua na matunda ikiwezekana, na pawe na panda moja yenye mwiba. Kama mwiba hakuna, andika kwamba umeutafuta kichaka kizima na hukuuona. Libane ndani ya gazeti chini ya vitabu vizito, ukibadilisha gazeti kila siku hadi likauke, kisha lipeleke kwenye hifadhi ya mimea iliyo Makumbusho ya Taifa, Nairobi. Kwenye karatasi andika mahali ulipolitoa, kimo cha kichaka na tarehe. Rangi ya ua iandike siku hiyohiyo ulipokata, ndani na nje ya mrija, kwa sababu likishakauka huwa kahawia lote, na wekundu ule wa nje hakuna atakayeuona tena.